Mawe ya Faini

Mahakama ilifika Jumanne saa nne asubuhi, imefungwa mgongoni mwa punda.

Barabara ya kupanda Mfinga ilikatwa na maporomoko mwaka juzi na hakuna aliyekuja kuitengeneza, kwa hiyo huku kwetu hata haki inapanda kwa miguu minne. Sanduku lenyewe lina ukubwa wa mzinga wa nyuki. Ni jeusi, lina kioo kimoja cha kuonea na matundu madogo ya kusemea. Karani aliyekuja nalo, binti wa Lushoto aitwaye Debora Shekiondo, alilishusha taratibu, akaliweka juu ya meza ya shule na kuligeuza lielekee jua ili lipate nguvu.

"Hamjambo, watu wa Mfinga," sanduku likasema. Lilisema kwa Kipare, tena kile Kipare cha bibi zetu, cha polepole.

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Hiyo ni sauti ya shangazi yangu marehemu. Nikijibu vibaya atanifinya."

"Naitwa Mizani," sanduku likaendelea. "Mimi si mtu. Nimekuja kusikiliza shauri moja, na nikishasema nimesema. Kwa miaka saba hakuna wa kubadilisha, hata mimi mwenyewe."

Hapo kicheko kikaisha.

Mimi ni Kaduri Mrutu, msimamizi wa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa na babu zetu kwenye mteremko. Maji yanajikusanya humo usiku, asubuhi tunafungua, yanashuka kwa mifereji mpaka mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu baba alivunjika nyonga na mtu wa kukaa na mfereji akakosekana. Sijuti. Maji nayajua.

Zamani ndiva yetu ilijazwa na kijito. Kijito kilikufa nikiwa na miaka thelathini. Sasa inajazwa na nyavu. Ziko mia nne juu ya mlima, kila moja ndefu kama nguzo ya umeme, na nyuzi zake zina chaji ndogo inayovuta matone. Ukungu ukipita, nyavu zinaukamua kama mtu anavyokamua nguo. Maji yanashuka kwa bomba hadi ndiva, na kutoka ndiva kila mfereji una lango linalosoma kiganja. Kama kiganja chako hakimo kwenye orodha, lango halifunguki, hata ulipige shoka. Orodha haiandikwi na mimi wala mwenyekiti wa kijiji. Inaandikwa na Mizani.

Na shauri lilikuwa juu ya orodha hiyo.

Miaka minne iliyopita zilikuja nyumba ishirini na tatu kutoka delta ya Rufiji. Bahari ilikuwa imepanda na kuingia mtoni, na mashamba yao ya mpunga yakageuka chumvi. Kabla ya kufika kwetu walikuwa wamekaa miaka miwili Kambi ya Mabati, kule tambarare, ndipo serikali ikawaleta. Tuliwapa bonde la chini ambalo hakuna aliyelitaka. Viganja vyao viliwekwa kwenye orodha ya muda, yaani maji ya kunywa na kupikia, si ya shamba. Mashamba yao waliyamwagilia kwa maji yaliyobaki mwisho wa mifereji yetu, baada ya sisi sote kushiba.

Kisha ukungu ukaanza kupungua. Mwaka huu hakikubaki kitu mwisho wa mifereji. Wao wakadai zamu, na sisi tukaitisha mkutano na kuiomba mahakama iwarudishe kambini, kwenye bomba na kivuli lakini pasipo hata tuta la kulima. Niseme mapema ili tusidanganyane: dole gumba langu lilikuwa la tatu kwenye ombi hilo. La kwanza la mwenyekiti, la pili la mwalimu mkuu.

"Kuna kifungu kimoja tu cha sheria hapa," Mizani akasema. "Karani, kisome."

Debora akasoma bila karatasi. "Mtu aliyeondolewa kwao na bahari, ukame au mafuriko, akishapokelewa kuwa mwenyeji kwa mila ya mahali alipofika, hataondolewa tena. Atakuwa na haki ya maji na ardhi sawa na wenyeji wenzake."

"Kwa hiyo swali langu ni moja," Mizani akasema. "Watu hawa wamepokelewa kwa mila ya Mfinga, au ni wageni? Wote mlioko hapa mna maslahi, sitawauliza. Na mila yenu haikuandikwa. Nitamwuliza anayeitunza, ambaye aliapa siku aliyokabidhiwa. Msimamizi wa ndiva, kesho saa tatu."

Watu mia mbili wakageuza shingo kunitazama. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

*

Mchana ule nilimkuta Debora akimpa punda wake majani. Nikamwuliza kama sanduku linajua mtu anapodanganya.

"Zamani lilijua," akasema. "Lilikuwa linasoma jasho, mapigo ya moyo na sauti. Mahakama ya juu ikapiga marufuku. Ikasema mwili wa mtu ni wake, haupaswi kumshtaki. Sasa linaamini neno la shahidi aliyeapa. Ukisema nyeusi, litaandika nyeusi."

"Kwa hiyo naweza kusema lolote."

"Unaweza, baba." Akampapasa punda shingoni. "Ndiyo maana watu wengi wanapenda lile la zamani. Lilikuwa linawatua mzigo."

Nikapanda ndiva kukagua. Nikamkuta mwenyekiti wetu, Elineema Mbwambo, amesimama mbele ya ukuta na mikono nyuma. Tumekua pamoja mimi na Mbwambo. Aliwahi kunitoa kisimani nikiwa na miaka sita. Si mtu mbaya.

"Umeyaona haya?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeyaona kwa miaka mitatu. Ni kwamba sikuwahi kuyafikiria.

Huku kwetu kila Jumamosi kuna msaragambo. Baragumu linapigwa alfajiri na kila nyumba inatoa mtu wa kuchimba mfereji, kuziba nyufa na kutoa tope. Ukikosa au ukichelewa, msimamizi anakutoza mawe kumi na mawili. Unayatoa korongoni mwenyewe, unayabeba mgongoni, yanajengewa ukutani, na kila jiwe linaandikwa jina lako kwa rangi nyeupe. Mvua na jua havilifuti. Wajukuu zako watakuja kusoma kwamba ulikuwa mvivu. Jina la baba yangu liko upande wa mashariki, chini kabisa, na sijawahi kumsamehe.

Lakini kuna jambo jingine, na kila mtoto wa Mfinga analijua. Mgeni hatozwi. Akae hata miaka kumi, alale huku wenzake wanachimba, hatozwi. Mgeni unampa uji na kumwuliza habari za kwao. Faini ni ya mwenye ndiva.

Na pale mbele yetu, kwa herufi nyeupe, mawe kumi na mawili yalisema MWANAHAWA. Pembeni yake SHAMTE. Juu yake NGWELE, MTULIA, MKUMBA, na Mwanahawa tena.

"Wewe ndiye uliyewatoza," Mbwambo akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafikiri nini, Kaduri?"

Sikuwa nafikiri kitu. Mwaka wao wa kwanza walikuwa wanakuja kwenye msaragambo bila kuitwa, nami sikuwakataza. Jumamosi moja Mwanahawa Mtulia alichelewa. Jumamosi ya pili akachelewa tena, na nilipomtazama akasema, "Sisi kwetu mfereji unachimbwa na mto wenyewe, sisi tunalala." Watu wakacheka. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia, "Mawe kumi na mawili." Alinitazama kidogo, akashuka korongoni. Baada ya hapo niliendelea kuwatoza kama ninavyowatoza wengine. Hakuna aliyeniuliza, maana ukuta ulikuwa unahitaji mawe.

"Sema yalikuwa msaada," Mbwambo akasema. "Neno moja tu. Walijitolea mawe, watoto wakaandika majina kwa kucheza. Mimi leo nitaleta chokaa tuyapake."

"Usiguse ukuta wangu."

"Sikiliza. Zamu yako ya maji ni ya muda wa saa tatu. Wakiingia hawa itabaki saa mbili na vidakika. Lile shamba lako la juu, tangawizi yote ile, utaimwagilia mate? Na si wewe tu. Mimi nina wajukuu wanane pale."

"Najua una wajukuu wanane. Kila siku wako kwangu wanakula."

Hakucheka. Nami sikuwa nimesema ili acheke. Alikuwa anasema kweli na nilijua. Akaondoka bila kuitaja chokaa tena, lakini alipofika kwenye mti wa mkuyu aligeuka akasema, "Neno moja, Kaduri. Wala si uongo mkubwa."

*

Mke wangu Nakiete alikuwa uani anapepeta maharagwe. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Kwa hiyo ulikasirika miaka mitatu iliyopita na leo ndiyo unajua ulichofanya," akasema.

"Ndiyo."

"Umejitahidi. Mimi nilidhani itachukua miaka saba kama ile ya sanduku."

"Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Baba Nambike, mimi sikuapa. Kama ningetaka usimamizi wa ndiva ningeuomba." Akapuliza makapi. "Lakini nitakuambia kitu kimoja. Ukirudi kesho na uso huo ulionao sasa, utalala na punda wa mahakama."

Tulikuwa bado tunazungumza Mwanahawa alipobisha hodi. Ni mama wa makamo kama mimi, mfupi, mabega mapana. Alikuwa ameshika jembe letu aliloazima wiki iliyopita. Nakiete akamkaribisha kigoda, akakataa kukaa.

"Shikamoo, Bwana Kaduri. Sikuja kukuomba chochote," akasema. "Nimeleta jembe, na nina swali."

"Marahaba. Uliza."

"Siku ile uliponipa mawe, ulikuwa na hasira tu, au ulimaanisha?"

"Nilikuwa na hasira."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo. "Mimi nilirudi nyumbani bega limechubuka, nikamwambia mume wangu Shamte, leo wametugombeza kama watu wao. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Unajua, kambini tulikaa miaka miwili na hakuna aliyetugombeza hata siku moja. Walitupa mablanketi. Ukichelewa, blanketi. Ukilala siku nzima, blanketi. Nilifika mahali nikatamani mtu anitukane."

Nakiete alikuwa ameacha kupepeta.

"Hasira yenyewe ilikuwa ya namna gani?" Mwanahawa akauliza. "Maana ziko nyingi."

Nikafikiri. Ni kazi ngumu kukumbuka hasira ya zamani. "Ya kuachiwa kazi," nikasema mwisho. "Nilikuwa nakutegemea upande wa bomba. Hukuja, nikachimba mwenyewe."

"Haya," akasema. Akaegemeza jembe ukutani. "Mpini umelegea kidogo, nimeupigia kabari. Kwaherini."

*

Kesho yake saa tatu niliapa kwa kushika mdomo wa mfereji, kama tulivyoapa sote tuliowahi kushika kazi hii. Debora alikuwa amelihamishia sanduku kule kule ndiva ili lione ukuta. Watu walikaa kwenye majani, wa kwetu upande wa juu, wa Rufiji upande wa chini. Mbwambo alikuwa mstari wa mbele.

"Msimamizi," Mizani akasema, "naona majina. Nieleze."

Ningeweza kusema lile neno moja. Lilikuwa tayari mdomoni, limekaa vizuri kabisa. Nilifikiria tangawizi yangu. Nilifikiria pia namna nitakavyopita mbele ya ukuta ule kila asubuhi kwa miaka saba, nikisoma majina ya watu niliowabebesha mawe kisha nikawaita wageni.

"Ni mawe ya faini," nikasema.

Upande wa juu ukaguna.

"Nani anatozwa faini Mfinga?"

"Mwenye ndiva."

"Na mgeni?"

"Mgeni hatozwi."

"Aliyewatoza hawa ni nani?"

"Mimi."

"Ulipomtoza wa kwanza, ulijua maana ya ulichokuwa unafanya?"

"Hapana. Nilikuwa na hasira."

Sanduku likanyamaza kidogo. Kuna wanaosema linanyamaza ili ufikiri kwamba nalo linafikiri. "Basi inawezekana ulikosea," likasema. "Mtu akitozwa kimakosa, mila yenu inafanya nini?"

Nilimwona Mbwambo anainua kichwa. Alikuwa ameona mlango, na mimi pia niliuona, uko wazi na mwanga unaingia. Nisingehitaji hata kudanganya. Ningesema tu, ndiyo, nilikosea.

"Mawe yanatolewa ukutani," nikasema, "na msimamizi anayarudisha korongoni kwa mgongo wake mwenyewe."

"Uliyarudisha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikukosea. Alichelewa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi, wa juu na wa chini. Nadhani alianza Nakiete. Sikuwa nimekusudia kuchekesha watu. Nilikuwa najibu swali.

Mizani akangoja watulie. Kisha akasema kwamba mila ya Mfinga imewapokea watu hawa miaka mitatu iliyopita, kwa mkono wa mtu mwenye mamlaka ya kupokea, mbele ya watu, na kwa alama isiyofutika. Kwamba wanakijiji waliyaona mawe hayo na kuyaacha yakae. Na kwamba aliyepokea hawezi kurudisha kwa sababu ukungu umepungua. Kama ni haba, ni haba ya wote. Akasema nyumba ishirini na tatu zimeingia orodha ya kudumu kuanzia saa hiyo.

Malango yalilia yote kwa pamoja, mlio mdogo kama wa mtu anayegonga ulimi. Ndivyo yanavyofanya yakipokea orodha mpya. Nikaweka kiganja kwenye langu. Lilionyesha zamu ya saa mbili na dakika kumi.

Debora alifunga sanduku mgongoni mwa punda. Mbwambo alinipita bila kunitazama, kisha akarudi hatua mbili.

"Umetuuza kwa mawe," akasema.

"Wewe ulikuwepo yakijengwa. Ulisema ukuta umependeza."

Akafikiri. "Nilisema kweli," akasema, akaenda zake.

*

Hasara ilikuja kama alivyosema. Shamba la juu halikuweza. Wiki ile niling'oa tangawizi kabla ya wakati wake, miche yenye uhai nikaihamishia chini kwenye kivuli cha migomba, na iliyobaki tukaila na kuigawa. Jumamosi nilikuwa nimebakiza mistari miwili baragumu lilipopigwa. Nikajiambia, nusu saa tu. Udongo ulikuwa laini, na mwenye miche wazi hawezi kuiacha juani.

Nusu saa ikawa saa nzima na kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kuchelewa msaragambo.

Nilipofika ndiva nyumba zote zilikuwa kazini. Huwezi kujua nani wa wapi, tope halina kabila. Shamte, mume wa Mwanahawa, alikuwa juu mlimani na vijana wake tangu asubuhi wanashona nyavu zilizochanika, maana mikono ya delta inajua fundo. Maji ya nyavu hizo hayajanirudishia muda wote niliopoteza kwenye zamu. Yamenirudishia dakika nane hivi. Mwanahawa alikuwa juu ya ukuta na ndoo ya udongo. Aliniona kwanza yeye.

"Msimamizi amechelewa," akasema. Hakupaza sauti. Alisema tu.

Majembe yakasimama moja moja.

"Msimamizi hatozwi," Mbwambo akasema kutoka mferejini, tope mpaka magotini. Sijui alikuwa ananitetea au alikuwa anataka nisikie aibu.

"Nani kasema hatozwi?" nikauliza. "Baba yangu yuko pale chini, na alikuwa msimamizi."

Wote wakamtazama Mwanahawa. Yeye akatua ndoo. Alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku ile, nami nikajua anaona nini: mtu aliyemwachia kazi.

"Mawe kumi na mawili," akasema.

Mbwambo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea jembe, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu punda afike. "Nenda, Kaduri," akasema. "Na usichague madogo. Nitakuwa nahesabu."

Nikashuka korongoni. Kutoka chini hadi ukutani ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu asiyebeba kitu. Mimi nilipanda mara sita, mawili mawili, na mara ya nne wajukuu wa Mbwambo wakaanza kuniimbia wimbo wa wavivu ambao mimi mwenyewe niliwafundisha. Mgongo ulikuwa unawaka. Katika mara ya tano niligundua kwamba nilikuwa nauitikia wimbo.

Waliyajengea upande wa kusini, karibu na mawe ya Mwanahawa. Mwanahawa alichukua kopo la rangi na brashi. Nilimwambia jina moja kwa kila jiwe linatosha, asijisumbue kupamba.

"Tulia," akasema. "Uliandika langu bila kuniuliza."

Akaandika KADURI, mara kumi na mbili, kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.